Kabla ya Kuhesabu Mbuzi

Mradi wa mbuzi ukifika, swali la kwanza ni moja tu: wangapi? Majirani wanauliza hivyo, viongozi wa bloku wanauliza hivyo, na fomu nayo ina nafasi ya kuandika idadi. Familia hii ipewe 3, kikundi kile kipewe 10. Picha zinapigwa, makofi yanapigwa, tunarudi nyumbani. Swali la pili, yaani hawa mbuzi watakula nini mvua ikikata, mara nyingi linaachiwa mbuzi wenyewe.

Mimi nataka kuandika juu ya hilo swali la pili. Si kwamba mimi ni daktari wa mifugo. Nina mbuzi wawili tu, na hata hao hawalali kwangu. Lakini hapa Kakuma rashoni ikipunguzwa, mbuzi ndiye anayelipa dawa na sare ya shule, na mbuzi aliyekonda halipi kitu. Mnunuzi anamshika mgongoni, anapapasa mfupa, anataja bei ambayo hata kujibu unaona aibu.

Tuanze na hesabu. Mbuzi mzima anahitaji kila siku chakula kikavu cha kama asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake. Kikavu maana yake ni kile kinachobaki ukitoa maji yaliyo ndani ya majani. Mbuzi wa kilo 20, ambaye kwa Turkana ni mbuzi wa kawaida kabisa, anahitaji gramu 600 mpaka 800. Wakiwa watano, ni kilo 3 mpaka 4 kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 90 mpaka 120. Hebu pima kwa macho: ni kama magunia mawili ya kilo 50, kila mwezi, kwa mbuzi watano tu. Sasa angalia uwanja wa nyumba yako uniambie hayo magunia mawili yatatoka wapi.

Na si kila kinachojaza tumbo ni chakula. Tumbo la mbuzi lina vyumba vinne, na kile kikubwa, cha kwanza, ni kama pipa la kuchachisha pombe. Ndani yake wanaishi vijidudu wengi mno, na hao ndio wanaovunja majani ambayo wewe na mimi tukila hatupati kitu. Mbuzi anakula, analala kivulini, anacheua, vijidudu wanafanya kazi. Lakini hao nao wanataka protini. Protini ikishuka chini ya kama asilimia 7 ya chakula, wanapungua nguvu, chakula kinakaa tumboni muda mrefu bila kuvunjwa, na mbuzi anaacha kula kwa sababu bado amejaa. Nyasi kavu za kiangazi mara nyingi ziko chini ya kiwango hicho. Ndiyo maana unaona mbuzi ana tumbo kubwa kama ngoma na mbavu unazihesabu. Watu wanasema, "Huyu anakula sana lakini ana roho mbaya, hanenepi." Hana roho mbaya. Ana njaa na tumbo limejaa.

Kwetu Fizi, Kivu ya Kusini, hatukuwa na shida hii. Mbuzi alifungwa kamba karibu na nyumba, jioni akaletewa maganda ya ndizi, matembele, maganda ya mihogo yaliyokauka vizuri, na majani ambayo watoto waliyakata njiani wakitoka shamba. Mbuzi wa kwetu aliishi kwa mabaki ya shamba. Nilipofika hapa ndipo nikaelewa kwamba ufugaji ule ulisimama juu ya shamba na mvua. Bila shamba hakuna mabaki. Rashoni ya mtama na maharagwe haiachi mabaki. Sufuria inakombwa mpaka inang'aa.

Mbuzi wa Kakuma wanaishi kwa miti. Kwa asili mbuzi si kama ng'ombe. Ng'ombe anainamisha kichwa anatafuta nyasi. Mbuzi anainua kichwa anatafuta jani, ua, tunda, gamba. Anasimama kwa miguu ya nyuma, anavuta tawi, anachagua jani moja kati ya miiba kumi kwa midomo ile myembamba. Kuchagua huko ndiko kunakomwokoa, maana majani ya miti na maganda yake hubaki na protini wakati nyasi zimekwisha kuwa kama karatasi. Tena anayekula juu hapati minyoo sana kama anayekula chini, kwa sababu mabuu ya minyoo hukaa kwenye nyasi fupi zenye unyevu.

Haya yote nilianza kuyaelewa kwa mama mmoja Mturkana ambaye ni mwenzangu wa mbuzi. Kwa utaratibu wa hapa malisho ni ya wenyeji, na sisi wakimbizi tangu zamani hatukuachiwa kufuga kama wao. Kwa hiyo mbuzi wangu wawili wako katika kundi lake. Yeye anachunga, mimi naleta chakula cha nyongeza cha kundi zima, na wanambuzi tunagawana kwa zamu. Ananiita Mama Kongo. Mimi namwita mama tu, maana amenizidi umri na amenizidi akili ya mbuzi.

Mti wake mkubwa ni ule wanaouita ewoi, mgunga wenye kichwa kipana kama mwavuli, unaoota kandokando ya laga. Maganda yake yaliyojikunja kama hereni yanaitwa ngitit. Kiangazi kikikaza, mama anachukua mti mrefu wenye ndoana, anatikisa tawi, maganda yanamwagika, mbuzi wanakuja mbio kuliko watoto wakisikia gari la mgao. Mengine anayaokota na kuyaweka ghalani kwa ajili ya majike wenye mimba. Mimba ya mbuzi ni miezi mitano, na mtoto anakua zaidi miezi miwili ya mwisho. Jike akishinda njaa miezi hiyo, anazaa mtoto mdogo na maziwa hayatoki ya kutosha. Mama hakusoma hilo popote. Amelala nalo nje miaka yote.

Siku moja vijana wa bloku yetu walienda lagani na magunia. Walikuwa wamesikia kwamba maganda yale yana soko. Kwa macho yao ile ni pori, na pori ni la Mungu. Walipoanza kutikisa mti, wanaume watatu wakatokea na fimbo. Mama alikuwa karibu, akaingia katikati, akaita mpaka na mimi nikafika. Akawaambia vijana kwa Kiswahili chake: "Hii mti iko na mwenyewe. Hata ile iko na mwenyewe. Nyinyi mnaona miti, sisi tunaona ng'ombe na mbuzi na watoto." Vijana wakashusha magunia. Mzee mmoja kati ya wale watatu akasema wakitaka kivuli wakae, wakitaka maganda wakaombe nyumbani kwake. Siku ile ilipita salama. Si kila siku kama ile hupita salama. Ugomvi wa kuni na miti kati yetu na wenyeji una umri wa kambi, na kambi ilifunguliwa mwaka 1992.

Baadaye mama akanieleza neno ekwar. Kandokando ya mito ya Turkana, hata ile inayopitisha maji siku chache tu kwa mwaka, kila kipande cha miti ni cha familia fulani kwa matumizi ya kiangazi. Hati ya serikali haipo, ukuta haupo, lakini kila mtu anajua mpaka unaanzia mti gani na kuishia mti gani, na mtoto anarithi kwa baba yake. Mgeni anaweza kuomba, na mara nyingi anapewa. Anayekata bila kuomba amekata chakula cha mbuzi wa mtu kwa miaka mingi ijayo, kwa sababu mgunga haukui kama sukuma wiki.

Ndiyo maana nasema, kabla ya kugawa mbuzi 10 kwa kikundi, mtu aulize: watakula kwenye ekwar ya nani? Hao mbuzi 10 wanaingia mezani kwa mtu mwingine, na huyo mtu hakujaza fomu yoyote.

Lakini kuna mti mmoja ambao hakuna anayeugombania. Ni mathenge. Waturkana wanauita etirai. Asili yake ni Amerika, na miaka ya 1970 na 1980 ulipandwa sehemu kavu za Kenya ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Kuni zikapatikana, lakini mti haukukaa ulipopandwa. Ulifunga njia, ukafunga malisho, ukafunga kingo za mito, na miiba yake inatoboa ndara na gurudumu. Hapa kambini tunaujua wote: ndio uzio wetu, ndio makaa yetu, na ndio sababu ya watoto kuchechemea.

Mbuzi wanapenda maganda yake kwa sababu ni matamu. Na hapo ndipo shida. Mbuzi anayekula maganda mazima siku nenda siku rudi, sukari ile yenye kunata inamkaa kwenye meno na fizi, meno yanaoza, yanang'oka. Mwaka 2006 watu wa jamii ya Ilchamus kutoka Baringo walifungua kesi Nairobi dhidi ya serikali kwa ajili ya mti huu, na wakapeleka mahakamani mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Watu wengine walicheka waliposikia habari hiyo. Mfugaji hakucheka. Mbuzi bila meno ni marehemu anayetembea.

Tena ukimpa maganda mazima unampandia mathenge jirani yako. Mbegu ni ngumu, inapita tumboni bila kuvunjika, inatoka na samadi ikiwa tayari na mbolea yake. Na sehemu kubwa ya protini imo ndani ya mbegu hiyo. Kwa hiyo mbuzi amepata sukari, ameharibu meno, na protini ameitupa njiani.

Dawa yake ni kusaga. Ukisaga gamba pamoja na mbegu, mbegu imekufa, haiwezi kuota tena, na protini inabaki kwa mbuzi. Watafiti wa hapa Kenya walilipima jambo hili wakatoa matokeo mwaka 2010. Walichukua mbuzi 20 wa aina ya Galla, wale weupe wakubwa ambao majirani zetu Wasomali wanawajua vizuri, walioachishwa kunyonya, wa kilo 11 mpaka 14. Wakawagawa makundi manne na kuwalisha siku 70. Kundi la kwanza halikupewa mathenge. La pili lilipewa unga wa mathenge gramu 100 kwa kila mbuzi kwa siku, la tatu gramu 200, la nne gramu 400. Kundi la kwanza halikuongezeka uzito. Baada ya siku 70 walikuwa palepale. Lililoshinda ni la gramu 200, ambalo mbuzi waliongeza karibu kilo 4 kila mmoja. Wale wa gramu 400 waliongeza kama kilo 2.7.

Nilipoyasoma hayo kwenye karatasi aliyonipa kijana mmoja wa shirika, nilirudia mara mbili. Mbuzi aliyepewa mara mbili zaidi alikua kidogo zaidi! Lakini ukipiga hesabu ile ya mwanzo utaona. Mbuzi wa kilo 12 anahitaji gramu 360 mpaka 480 za chakula kikavu kwa siku. Ukimwekea gramu 400 za mathenge, chakula chake karibu chote kimekuwa kitu kimoja, tena kitamu kupita kiasi. Unga huo ni kitoweo. Nyasi na majani ndiyo ugali.

Nilimpelekea mama habari hiyo kama mtu anayepeleka barua yenye hela. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Hao mbuzi walitembea?"

Nikamwambia hapana, waliletewa chakula.

"Na maji?"

Nikasema nadhani waliletewa pia.

Akacheka mpaka shanga zikalia shingoni. "Mama Kongo, hao si mbuzi, hao ni wageni. Mbuzi yangu inaamka, inatembea mpaka jua inakuwa hapa, inakunywa, inarudi. Nusu ya hiyo chakula yako itabaki kwa njia."

Maneno hayo yalinikaa. Utafiti ulisema kweli, na mama alisema kweli. Mbuzi anayetembea kutwa kutafuta maji anachoma chakula kwa miguu kabla hakijawa nyama. Kwa hiyo kipimo cha kwenye karatasi tunakichukua kama mahali pa kuanzia, halafu tunamwangalia mbuzi. Tunatumia kikombe kimoja cha plastiki kilichopimwa kwenye mizani ya duka, na ukijaza mpaka kwenye mstari ni gramu 200. Mbuzi wakubwa kikombe kimoja, wadogo nusu, jioni wakirudi, baada ya kunywa maji, na daima wakiwa wameshakula majani. Wiki ya kwanza tunaanza na robo ili tumbo lizoee. Jike mwenye mimba kubwa ndiye wa kwanza kwenye foleni. Beberu anangoja.

Kazi yenyewe si ndogo, na niseme wazi kwa wanaopenda kuandika "rasilimali inapatikana bure". Maganda ya mathenge ni bure kama maji ya kisima ni bure: mtu anayachota kwa mgongo wake. Unaokota yaliyoanguka, yaliyokomaa na kuwa ya manjano, unaacha yenye ukungu maana yanaweza kumdhuru mbuzi. Unaanika juu ya turubai siku kadhaa mpaka ukikunja gamba linalia "ta!" Kama bado lina unyevu, sukari inageuka gundi ndani ya mashine. Mwenye mashine ya kusaga wa mtaa wetu alitukataza mara ya kwanza, na alikuwa na haki, kwa sababu watu wanangoja unga wa ugali. Tuliwahi kutwanga kwa kinu. Wanawake wawili asubuhi nzima, mikono imevimba, na unga haukufika kilo tano. Hapo ndipo mradi mzima unaposimama au kuanguka, kwenye kusaga. Si kwenye mbuzi.

Na kukua tunakupima. Mizani ya kuning'iniza hatuna, tuna kamba. Unaizungusha kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, mbuzi akiwa amesimama sawa, unafunga fundo kamba inapokutana. Kila mwezi fundo jipya, kila mbuzi kamba yake. Kifua kikipanuka uzito umepanda, kikirudi uzito umeshuka. Kiangazi kilichopita kamba za mbuzi wengine wa jirani zilirudi nyuma fundo kwa fundo. Za kwetu nyingi zilisimama palepale, na ya mwanambuzi mmoja jike ikasogea mbele upana wa kidole. Mtu asiyefuga ataona upana wa kidole ni nini. Lakini kumbuka wale mbuzi wa utafiti ambao siku 70 hawakuongeza kitu, na hao walikuwa wameletewa nyasi. Kiangazini kutorudi nyuma ni kazi kubwa, na mbuzi ambaye hakurudi nyuma ndiye anayeingia kwenye mvua akiwa na nguvu ya kushika mimba.

Kuna adui mwingine, nimtaje kwa kifupi, kwa sababu huyu tunamlisha sisi wenyewe. Ni plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, lakini vifungashio na magunia yaliyochanika bado yanapeperuka sokoni. Mbuzi anasikia harufu ya mafuta au ya chumvi, anameza. Kitu hicho hakivunjwi na kijidudu yeyote. Kinakaa kwenye tumbo la kwanza, kinajiviringisha na kingine, mpaka nafasi ya chakula inakwisha. Mchinjaji mmoja alinionyesha donge alilotoa, kubwa kama mpira wa watoto. Mbuzi yule alikuwa ngozi na mifupa. Kufunga taka vizuri ni kulisha mbuzi wa jirani, hata kama wewe hufugi.

Sasa kwa ninyi wenzetu wa mashirika mnaosoma gazeti hili, sina malalamiko juu ya mbuzi. Leteni. Ukame wa kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini Kenya, na watu wanahitaji kuanza tena. Ila mkija na mbuzi 10, njooni na hesabu ya chakula cha miezi ya kiangazi. Kaeni na wenye ekwar kabla ya kukaa na kamati. Badala ya mbuzi wa 9 na wa 10, nunueni mashine ndogo ya kusagia mathenge, iwe ya wakimbizi na wenyeji pamoja, na mbuzi 8 watakaobaki watawapa mavuno kuliko 10 wenye njaa.

Na kwetu sisi wa bloku: tuache kusema Waturkana wanaacha tu mbuzi wazurure. Kila mbuzi unayemwona analiwa hesabu na mtu. Anajua amekula mti gani jana, na mti gani anawekewa mwezi ujao.

Mathenge ya upande wa barabara, mbali na miti ya watu, yameanza kuangusha. Tuna magunia matatu juani. Vijana wale wa magunia wawili wanaokota pamoja nasi sasa, na malipo yao ni unga wa kulishia mbuzi wa rafiki yao Mturkana. Mwenye mashine amekubali tulete siku ya Alhamisi jioni, unga wa watu ukishamalizika, mradi tuisafishe kabla hajafunga.